Rafu Tupu za Bwana Vitabu

Hakuna kilichomuudhi kama mtu kurudisha kitabu upesi. Ukikileta mapema alikipokea kwa vidole viwili, akakigeuza huku na huku, kisha akakutazama usoni kama mpishi aliyerudishiwa sahani ya pilau haijaguswa. "Kimekushinda, au kimekuchosha?" Ukisema umekimaliza, basi ukae kitako mkekani umsimulie. Na ole wako usimulie mwanzo na mwisho, ukaruka katikati.

Watu wa Kibiti tulimwita Bwana Vitabu, na hata nikitaja jina lake la haki wapo watakaouliza, "Nani huyo?" Kwa hiyo sitalitaja. Wala sitasema alizaliwa wapi na nani, maana mwenyewe hakuwa na haja na habari hizo. Ukimwuliza kwao alikuonyesha kwa kidevu upande wa bahari, na ukizidi kumwuliza alikuonyesha kwa kidevu upande wa pili.

Mimi ni fundi cherehani. Enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita vikuu vya pili, nilipewa ruhusa ya kuweka cherehani yangu barazani kwenye jengo la liwali, na mlango wa chumba cha vitabu ulikuwa nyuma ya mgongo wangu. Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Bomani walileta rafu za mbao na makasha ya vitabu, vingi vyembamba vya kilimo na afya, vingine vya hadithi na safari, wakamweka yeye avilinde. Nimemjua kwa masikio kuliko kwa macho, maana macho yangu yalikuwa kwenye sindano.

Mlangoni aliweka beseni la maji, kipande cha sabuni na taulo. Hakuna aliyegusa kitabu kabla hajanawa, awe ametoka shambani au ametoka kuoga. Liwali mwenyewe alinawa, ingawa alinung'unika. Siku moja alikuja mtu wa Bungu aliyekuwa na shauri mahakamani. Alipoona watu wananawa, naye akanawa, akaingia, akaketi mkekani, akangoja. Alingoja sana. Mwishowe akaninong'oneza kupitia mlangoni, "Fundi, hapa ubwabwa huwa unachelewa hivi?" Mimi nilicheka hadi uzi ukanikatikia. Bwana Vitabu hakucheka hata kidogo. Alikwenda kwenye rafu, akachukua kitabu cha hadithi, akakaa mbele ya yule mtu akamsomea ukurasa wa kwanza, akanyamaza. Mtu wa Bungu akasema, "Enhe?" Akasomewa wa pili. Alipoitwa kwenye shauri lake hakusikia, ikabidi tarishi aje kumshika bega. Baada ya hapo kila alipofika Kibiti alipitia chumbani, ananawa kwanza.

Alikuwa mkali, lazima niseme. Ukitia kidole mate kufunulia ukurasa, alikupiga kichapo kidogo cha mkono kwa usinga wake wa kufukuzia nzi, bila kujali umri wako. "Mate yako ni yako," alisema, "usimgawie mwenzio." Kofia yake ya kiua ilikuwa nyeupe daima, kanzu imenyooka, na alijiona. Ndiyo, alijiona. Alipopita sokoni alitembea katikati ya njia, na mikokoteni ikampisha.

Na alikuwa mwongo. Alidanganya kwa ajili ya vitabu bila aibu yoyote. Kulikuwa na kijana mmoja wa duka la mafuta ya taa aliyetaka kitabu cha kufundisha uandishi wa barua. Sote tulijua barua anataka kumwandikia mke wa nani. "Kimeazimwa," Bwana Vitabu alimjibu. Kijana akaja tena, na tena, kila siku kimeazimwa. Siku ya mwisho nilichungulia ndani kuuliza saa, nikakiona kitabu: alikuwa amekikalia. Nikamwambia kwamba serikali haikumpa kazi ya kadhi. Akasema, "Kila kitabu kina wakati wake na mtu wake. Huyu wakati wake bado." Jambo hili sikulipenda, na mpaka leo silipendi. Nani alimpa kipimo cha kupimia nyoyo za watu? Lakini sina budi kukiri kwamba kipimo kile alikuwa nacho. Mtu akiingia hakumwuliza, "Unataka kitabu gani?" Alimwuliza habari za nyumbani. Mtoto hajambo? Mvua imewakuta wapi? Yule bibi mgonjwa anaendeleaje? Akishajibiwa ndipo anyanyuke kwenda kwenye rafu, na mara nyingi mkono wake ulifikia kitabu ambacho mtu hakukiomba, na mtu aliondoka nacho akakisoma.

Bomani waliamini kwamba wazee wengi wa Kibiti hawajui kusoma. Kumbe walisoma sana, ila kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa chuoni walipokuwa wadogo. Herufi za Kizungu ndizo hawakuzijua. Bwana Vitabu alikuwa amepita kote kuwili, chuoni na shule ya serikali. Alinunua karatasi za kufungia sukari kwa mwenye duka Mhindi, akazikata, akaanza kunakili vitabu kwa mkono, Kiswahili kilekile kwa herufi za Kiarabu, kalamu ya mwanzi na wino mweusi. Mimi nilimshonea majalada ya vipande vya kaniki. Alianza na kile cha magonjwa ya mpunga, akaendelea na hadithi. Basi ungewaona wazee baada ya sala ya Ijumaa, wamenawa, wamevaa miwani wanayoazimana, midomo inakwenda. Mzee mmoja aliyemaliza hadithi ya kwanza maishani mwake isiyokuwa ya dini alimrudishia kitabu kwa mikono miwili, akasema, "Bwana Vitabu, mambo kama haya yalikuwa yameandikwa siku zote, nanyi mmetuficha?"

Hata magazeti ya Kigujarati aliyaweka rafuni. Mwenye duka alikuwa akifungia ndani yake njugu na bizari, na Bwana Vitabu alipomwona mama mzee wa pale dukani anasoma kipande chenye mafuta kabla hakijatupwa, aliyaomba yote yakiwa mazima. Nikamwuliza atayafanyia nini na hajui hata yanaanzia wapi. "Si mimi nitakayeyasoma," alisema. Yule mama wa Kihindi akawa anakuja Jumatano mchana, sari ameibana kiunoni, ananawa, anakaa kwenye kiti alichowekewa peke yake. Nyumba za Wahindi wa Ikwiriri nazo zikaanza kuleta na kuchukua.

Msidhani aliianza kazi hii kwa mapenzi. Kabla yake alikuwa karani katika soko la pamba, kazi ya kelele na heshima, watu wamekuzunguka. Kuletwa kwenye chumba cha vitabu aliona ni kuadhibiwa. Alinihadithia mwenyewe siku moja ya mvua, cherehani imenyamaza. Alisema miezi ile ya mwanzo, kabla sijaja barazani, alikuwa akifungua mlango kwa kuchelewa na kuufunga mapema, na mtu akiingia alimwona msumbufu. Kisha akaja mama mmoja wa kwetu, watu wa milima ya Umatumbi, aliyehamia kando ya Kibiti na mumewe. Mumewe alikuwa amefariki, na mama yule alikuwa ametoka edani siku chache. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Baba," akasema, "nasikia humu mna maneno ya kila kitu."

"Yamo mengi. Unataka ya nini?"

"Ya mtu aliyefiwa."

Bwana Vitabu alinambia kwamba alitaka kumjibu hayamo, ili aende zake. Hayakuwamo kweli. Lakini aibu ilimshika, akasema atatafuta, na ili apate muda wa kutafuta akamwuliza marehemu alikuwa mtu wa kazi gani. Mama akasema alikuwa mrina asali, na nta alikuwa akiipeleka kuuza Ikwiriri. Bwana Vitabu akakumbuka kitabu kimoja chembamba cha serikali juu ya ufugaji wa nyuki, kilichokuwa kimelala chini kabisa. Akakichukua, akasoma kwa sauti, kwa kukosa jingine la kufanya: mizinga itundikwe wapi, moshi uwashwe vipi, malkia anatambulikanaje.

"Nilikuwa nasoma kama mtu anayehesabu magunia," aliniambia. "Nikainua macho, namwona analia. Nikasimama. Akasema, endelea baba, endelea, ndivyo alivyokuwa akisema. Maneno haya sijayasikia tangu afe. Hakuna tena mtu wa kunambia habari za nyuki."

Walipofika mahali pa moshi, mama akacheka katikati ya machozi: "Huyo aliyeandika hajaumwa huyo!" Alirudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine, wakakisoma chote, wakakirudia. Kisha akasema sasa basi, moyo umetulia, na akaomba kingine, chochote. Mvua inapiga bati, Bwana Vitabu akaniambia: "Fundi, mie sikuitafuta kazi hii. Lakini siku ile niliona kwamba nimewekewa. Kitabu kile kilikuwa kinamngoja mama yule, na kama nisingekuwako wasingekutana." Nilimwonea wivu, nasema kweli. Nimeshona nguo maisha yangu yote na sijapata kuona suruali iliyokuwa inamngoja mtu.

Tangu hapo aliacha kuvilinda vitabu, akaanza kuvitoa. Amri ya bomani ilikuwa visomwe mlemle chumbani. Yeye aliona watu wenye nafasi ya kukaa chumbani ni wavivu na watu wa kesi, basi akaviachia vitoke. Vilikwenda Mchukwi, vilikwenda Bungu. Baiskeli yake aliipanda hadi Nyamisati na kikapu cha vitabu, akawagawia wakata boriti na wasafiri wanaongoja chombo cha Mafia. Lakini pale ardhi ilipokwisha, naye safari yake ilikwisha. Alikuwa akiogopa maji. Mtu aliyeishi Rufiji miaka yote hiyo, akiona mtumbwi anarudi nyuma hatua mbili! Wakata boriti walimcheka sana. Alisema, "Maji hayajui kusoma, hatuna la kuzungumza."

Kuna habari ya moshi, nisiisahau. Vitabu vilipoanza kurudi kutoka mashambani, vilirudi rangi ya kahawia kama ngozi ya papa mkavu, vinanuka moshi chumba kizima. Bwana Vitabu alighadhibika. Alipanda baiskeli akaenda hadi kwa bibi mmoja wa Kindengereko aliyerudisha kilicho kibaya zaidi, akamwuliza alikuwa akipikia nini, kitabu au kuni. Bibi akamshika mkono akampeleka jikoni, akamwonyesha juu ya meko. Pale darini, penye moshi, ndipo panapotundikwa mbegu za mpunga na mahindi zisiliwe na wadudu, na pale katikati ya mbegu ndipo kitabu kilipokaa. "Mchwa wa hapa wanakula hata mlango," bibi alisema. "Ningekiweka wapi pengine, baba?" Bwana Vitabu alipanda baiskeli akarudi. Jioni, anafunga mlango, akaniambia kwamba mtu anayeweka kitu pamoja na mbegu zake hajakidharau, na asingemkemea tena mtu kwa moshi. Chumba kikaendelea kunuka, na nguo za wateja wangu nazo.

Sasa nifike penye uchungu.

Wanaoijua Rufiji wanajua kwamba mpunga ukikaribia kuiva kijiji huhama. Watu hushuka bondeni na sufuria zao na watoto wao, wakakaa kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ndefu katikati ya mashamba na maji, waamie ndege wasimalize mpunga. Huko hukaa wiki kwa wiki. Mwaka ule walishuka na vitabu. Kila familia iliyopita chumbani kuaga iliondoka na kimoja, na Bwana Vitabu aligawa kwa furaha mpaka rafu zikabaki mbao. Nilimtania kwamba mkono mtupu haulambwi, sembuse rafu tupu. Alisimama katikati ya chumba akaziangalia zile mbao kama mtu anayeangalia shamba lake limestawi. "Sijapata kuziona zimependeza hivi," akasema.

Haikupita muda, karani wa liwali akaja na maneno kutoka bomani. Afisa atakuja kukagua. Chumba kinatakiwa kwa kazi ya kodi, na kama maktaba haina faida itafungwa. Vitabu vionekane rafuni. Visipoonekana, chumba kimekwenda na kazi ya Bwana Vitabu imekwenda nacho. Karani alikuwa mtu mwema, aliyasema hayo kwa sauti ndogo, akaongeza, "Zipo siku za kutosha. Vikusanye tu, Bwana Vitabu. Akishaondoka, vigawe tena."

Ushauri ulikuwa mzuri na mimi nilimhimiza. Mkewe naye alimhimiza. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache na makali, alisimama pale barazani, kikapu kichwani, akasema, "Miaka yote watu wanapewa vitabu, mie napewa habari za vitabu. Mara moja hii tu, nipe na mie kitu: usikose kazi." Bwana Vitabu akaitikia kwa kichwa. Asubuhi yake alichukua makapu matupu, akapanda lori hadi upande wa Ikwiriri, akashuka bondeni. Na kwa ajili ya kazi ile akaingia kwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi alituhadithia baadaye kwamba alishika kingo mbili kwa mikono miwili, macho ameyafumba, anasoma Yasini.

Yaliyotokea huko nimeyasikia kwake na kwa mwenye mtumbwi, na hayatofautiani.

Walipokaribia madungu ya kwanza walisikia sauti ya mwanamke. Alikuwa binti mmoja wa Kibiti, ameketi dunguni na kitabu magotini na kombeo mkononi, anasoma kwa sauti ya juu kabisa ili asikiwe mashamba ya jirani. Anasoma, mara anasimama: "Swaaa! Haya, ondokeni, swaaa!" Jiwe linakwenda, ndege wanaruka, anaendelea palepale alipoachia. Kutoka dungu la pili mzee akapaza sauti, "Rudia hapo, mwanangu, ndege wamenikatiza!" Akarudia. Kutoka dungu la tatu, mbali, mtu asiyeonekana akauliza, "Kwani huyo mke karudi kwa mumewe au hakurudi?" Na wa kwingine akamjibu kwa hasira, "Nyamaza wee, tutafika!"

Bwana Vitabu akasimama. Ndani ya mtumbwi, yeye, akasimama wima. Mwenye mtumbwi akapiga kelele, "Kaa! Utatuzamisha!" Hakusikia. Alikuwa amegeuza shingo huku na huku, anatafuta sauti zinatoka wapi.

Binti akamwona. Akafunga kitabu, akakiweka kifuani.

"Shikamoo, Bwana Vitabu. Umekuja kukichukua?"

Mwenye mtumbwi anasema bonde zima lilinyamaza, hata wanaoamia waliacha kuamia, ndege wakala bure. Bwana Vitabu akaangalia makapu yake.

"Marahaba, mwanangu. Sikujia hicho. Nimekuja kusikiliza."

Akasikiliza hadi hadithi ikaisha. Hakwenda dungu jingine. Alirudi Kibiti na makapu yaleyale, moja limejaa matunda ya mabungo aliyopewa.

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia watu wale wangengoja siku chache, hadithi haiozi. Nilimwambia anatupa chakula cha watoto wake kwa sababu ya sauti nzuri ya binti mmoja. Akanijibu, "Fundi, ukimvua mtu kanzu uliyomshonea, ili mkaguzi aione imetundikwa kwako, umemshonea nani?" Nikamwambia maneno mazuri hayaivishi ubwabwa. Hatukusemezana mpaka kesho yake.

Afisa alikuja. Alikuwa Mwingereza kijana, mpole, alinawa mikono bila kuambiwa mara mbili. Alitazama mbao tupu. Bwana Vitabu akamweleza: vitabu viko bondeni, vinasomwa. Afisa akasikiliza hadi mwisho, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Nakuamini. Lakini nimetumwa kuandika nilichokiona, na sikuona kitu." Sidhani alifurahi kuyasema. Chumba kikafungwa. Rafu zikabebwa. Magazeti ya Kigujarati yalirudishwa kwa mwenye duka. Beseni alilichukua mkewe, na hakumsemesha mumewe kwa muda ambao sisi majirani tuliona ni mrefu mno. Mimi nilibaki barazani, nyuma yangu sasa watu wanagombana na karani wa kodi, na nikatambua jinsi nilivyokuwa nimeizoea ile sauti ya kurasa. Baada ya mpunga kuvunwa, Bwana Vitabu akahama na familia yake. Hatukuagana vizuri.

Nilimwona tena mara moja tu. Mwingereza alikuwa bado yupo, lakini watu walikwisha kuanza kuzungumza habari za kujitawala bila kutazama nyuma. Nilikuwa nimepeleka nguo za harusi Bungu, nikasikia kwamba anaishi pale kwa binti yake, anaumwa. Nikaenda. Nilijitayarisha kumkuta mtu aliyevunjika moyo, na njiani nilipanga maneno ya kumfariji.

Nilimkuta amelala ukumbini kwenye kitanda cha kamba, miguu imevimba, macho yameingia ukungu. Kofia ilikuwa nyeupe vilevile. Alinitambua kwa sauti, akaniketisha kitandani karibu na kichwa chake. Nikamwuliza kama anajuta. Akashangaa. Ndipo nikaambiwa nisiyoyajua: vitabu vya bondeni havikurudi bomani. Walipoambiwa chumba kimefungwa, watu wa madungu walimwuliza wavipeleke wapi, naye akawaambia wakae navyo, na kila anayemaliza aje kumwuliza ampe nani. Tangu siku hizo walikuwa wakija, kwa miguu na kwa baiskeli. Yeye alijua kichwani kila kitabu kiko kwa nani, Ikwiriri, Mchukwi, hata Mafia, na nani anakihitaji baadaye. Mtu hakumpa mwenzake kitabu bila ya neno lake. Ilikuwa ndiyo desturi, na nilisikia katika sauti yake kwamba aliipenda.

Kisha sauti ikabadilika. "Sasa naogopa, Fundi. Naogopa kuliko nilivyoogopa maji. Nilivitoa kwenye rafu nikavitia kichwani mwangu, na kichwa hiki karibu kitafungwa. Nikishazikwa, kila kitabu kitabaki pale kilipo. Nani atawajua watu?"

Maneno yangu ya faraja yalikuwa ya jambo jingine kabisa. Nilimshika mkono tu.

Tukiwa hivyo mtu akapiga hodi, mkulima wa Mchukwi, vumbi hadi magotini. Akaamkia, akachuchumaa chini. Bwana Vitabu akageuza uso upande wa sauti.

"Wewe una kile cha safari. Umekimaliza?"

"Nimekimaliza, Bwana Vitabu. Lakini sinacho. Nimeshampa mtu."

"Umempa nani?"

"Mzee jirani yangu. Mwanawe kaenda kwenye mkonge Tanga, hajaleta habari. Kila siku mzee yuko barabarani anatazama malori, hali chakula, hasemi. Nikaona cha safari ndicho chake. Kusoma hajui, binti yangu anamsomea jioni. Juzi kala."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna." Yule mtu akaanza kuingiwa na wasiwasi. "Nilimwona tu vile alivyo. Nimekuja kukuarifu. Kama nimekosa, n'samehe, najua desturi ni kukuuliza kwanza."

Mimi niliyemjua Bwana Vitabu kwa ukali wake nilingoja aanze, nikawa natafuta neno la kumtetea yule maskini. Kisha nikauhisi mkono wake unanibana, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, na machozi yanamtelemka hadi masikioni, naye anacheka.

"Fundi, umesikia?" akasema. "Hakuniuliza!"

Akamwita binti yake alete chai. Kisha akanisukuma ubavuni kwa kiwiko.

"Ondoka hapo, mpishe. Akae karibu na mimi."

Nikanyanyuka, nikampisha.